Akisema yeye wananyamaza, nikisema mimi wanachezea simu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mjumbe wa kamati ya mikopo katika SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi hapa Morogoro. Kwenye vikao nikitoa hoja, watu wanaendelea kuongea na kuchezea simu. Baada ya muda, kaka mmoja tulio naye kwenye kamati anasema jambo lilelile, wote wananyamaza na wengine wanaandika. Mwaka jana ndiye aliyesoma taarifa ya gawio mkutano mkuu, na sasa anagombea uenyekiti. Kila mtu anasema ana nyota. Nauliza, hiyo haiba ni kitu gani hasa? Mtu huzaliwa nayo? Kwa nini watu wanaiona kwake na kwangu hawaioni? Shoga yangu ananisihi niende kusafishwa nyota, gharama ni laki mbili na nusu. Niende? Na huyu kaka nimpe kura?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile lenye fedha ndani yake: usiende. Kinachofanya watu wamsikilize mwenzako kimechunguzwa sana. Sehemu yake kubwa iko machoni na masikioni mwa wale wanaowasikiliza nyie wawili, na huko hakuna dawa ya kuoga inayofika.

Urefu wa mtu unaweza kuupima hata akiwa peke yake chumbani. Haiba haipimiki hivyo, kwa sababu inahitaji mwingine wa kuiona. Aliyeliweka jambo hili wazi ni Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani wa elimu ya jamii aliyefariki mwaka 1920. Aliyagawa mamlaka katika mafungu matatu. Yapo mamlaka ya mila, kama ya chifu aliyerithi kiti cha baba yake. Yapo mamlaka ya sheria, kama ya ofisa anayetiiwa kwa sababu ya cheo chake na kanuni zilizompa cheo. Na yapo mamlaka ya haiba, ya mtu anayefuatwa kwa kuwa wafuasi wanaamini amejaaliwa kitu ambacho watu wa kawaida hawana. Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1922 kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: Weber hakushughulika kuthibitisha kama kipaji hicho kipo kweli. Kwake, lenye uzito lilikuwa kwamba wafuasi wanakitambua. Wakiacha kukitambua, au mambo yakimwendea kombo kwa muda mrefu, mamlaka yake hupukutika hata kama yeye mwenyewe hajabadilika chochote.

Mfano ninaoupenda zaidi kwa jambo hili ni wa jirani zetu. Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria, kisha akawekwa mbali na watu huko Lokitaung, Lodwar na mwishowe Maralal, hadi alipoachiwa Agosti 1961. Karibu miaka tisa hakusimama jukwaani. Hata hivyo chama cha KANU kiliingia katika uchaguzi wa Februari 1961 na mwito wa "Uhuru na Kenyatta", kikashinda, halafu kikakataa kuunda serikali hadi aachiwe. Mfikirie kijana wa Kenya aliyekuwa na miaka 21 mwaka huo. Kenyatta alipokamatwa, kijana huyo alikuwa na miaka 12. Yawezekana kabisa hakuwahi kumsikia kwa masikio yake, wala kuziona zile ndevu na ule mgwisho kwa karibu. Lakini alipaza sauti kumdai. Haiba aliyokuwa akiiona ilijengwa na masimulizi ya wakubwa zake, na kesi yenyewe, na ukimya wa mtu aliyefungwa, na kiu ya watu wote ya kupata mtu mmoja wa kulibeba neno uhuru. Serikali ya kikoloni ilidhani kumficha ni kumpunguza.

Kwa hiyo swali lako la kwa nini wanaiona kwake na kwako hawaioni linahitaji tuwaangalie wanaotazama. Wanatazama nini?

Kwanza wanatazama haraka mno. Mwaka 1993 Nalini Ambady na Robert Rosenthal walichapisha utafiti wao kuhusu walimu wa chuo. Walichukua vipande vifupi vya video vya walimu wakifundisha, jumla ya nusu dakika kwa kila mwalimu, wakaondoa sauti, wakawaonyesha watu wasiowajua kabisa. Alama ambazo wageni hao walitoa zilishabihiana kwa kiasi kikubwa na zile ambazo wanafunzi wenyewe waliwapa walimu hao mwisho wa muhula. Vipande vilipofupishwa zaidi, hadi sekunde chache tu, hukumu bado ilielekea kulekule. Maana yake ni kwamba kabla hujafika kwenye kiini cha hoja yako kuhusu mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kwa wakati, kamati imekwisha kupata picha yako kutokana na namna ulivyoinua kichwa, ulipotupa macho na mikono yako ilipokuwa. Sisemi hukumu hiyo ni ya haki. Nasema hutokea, na hutokea hata kwa watu wema wanaokutakia heri.

Pili, alama moja nzuri huvuta nyingine. Jambo hili lilionekana zamani, mwaka 1920, pale mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao. Askari aliyepewa alama za juu kwa umbo na unadhifu alielekea kupewa alama za juu pia kwa akili, uongozi na hata tabia, ingawa hayo ni mambo tofauti kabisa. Mwenzako akivaa vizuri na kusalimia kwa uchangamfu, akili za watu humwongezea na ujuzi wa mikopo bila kumuuliza swali hata moja kuhusu mikopo.

Tatu ni sauti, na hapa nakusemea wewe kama mwanamke. Casey Klofstad na wenzake wawili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwarekodi wanaume na wanawake wakisema sentensi moja ya kuomba kura, kisha kwa mashine wakaitengeneza kila sauti mara mbili: mara nyembamba kidogo, mara nzito kidogo. Wasikilizaji walielekea kuichagua ile nzito, iwe ya mwanamume au ya mwanamke. Unaona mwenzako anavyoanza mbio hatua kadhaa mbele yako bila jasho. Ningependa kila mwenyekiti wa kikao alijue hili, kwa sababu wanawake wengi wenye hoja nzito hunyimwa sikio kwa jambo ambalo halihusiani na hoja hata kidogo.

Lakini usikate tamaa kwa sababu ya sauti. Sauti ya Mwalimu Nyerere haikuwa ya kunguruma, wala mwili wake haukuwa wa kujaza mlango. Sikiliza tena ile hotuba yake ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera. Anasema tuna kazi moja tu, ni kumpiga. Kisha anapanga: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tuyaangalie maneno hayo kwa karibu. Ni vipande vitatu, kila kimoja kifupi kiasi kwamba mtu anakishika kwa kusikia mara moja. Kitendo ni kilekile mara zote, kwa hiyo sikio halihangaiki. Uwezo unatangulia kwa sababu swali la kwanza la mtu aliyevamiwa ni kama ataweza. Sababu inafuata, kumjibu mwenye shaka. Nia inafunga, na baada ya nia hakuna linalobaki kujadiliwa. Na kila kipande kinaishia na "tunao" au "tunayo", kwa hiyo msikilizaji anajikuta amehesabiwa kati ya wenye uwezo na wenye nia kabla hajaamua kama anakubali. Mtu anaweza kuyatafsiri haya yote kuwa ni nyota. Mimi naona ni ufundi wa mwalimu aliyejua darasa lake.

Naongeza kwamba saa nayo ilikuwa imefika. Nchi ilikuwa imevamiwa na watu walikuwa wakingoja kuambiwa la kufanya. Sentensi ileile katika mwaka wa amani ingepita tu. Haiba huonekana zaidi pale watu wanapokuwa na hofu au hamu kubwa, kwa sababu hapo ndipo wanapomtafuta mtu wa kuwaelekeza njia. Kikundi kilichotulia, chenye taratibu zinazofanya kazi, hakimtafuti sana.

Hapo nirudi kwa mwenzako na gawio. James Meindl na wenzake walionyesha mwaka 1985 kwamba mambo ya kampuni yakienda vizuri mno au vibaya mno, watu huelekea kumpa kiongozi sifa au lawama kuliko anavyostahili, na kusahau soko, bahati na kazi za wengine. Huyu kaka ndiye aliyesimama mbele ya wanachama na kutamka kiasi cha gawio. Fedha hiyo ilitokana na akiba za wanachama wote, marejesho yaliyosimamiwa na kamati nzima, na bila shaka kazi yako pia. Ila uso ulioonekana wakati wa habari njema ni wake, na furaha ya ile siku imebaki kwake. Sasa akiingia kikaoni anaingia na gawio mkononi, na watu wenyewe hawajui kwamba ndicho wanachokiona.

Umeuliza kama mtu huzaliwa nayo. Kuna vipande ambavyo mtu huja navyo: sura, sauti, wepesi wa akili. William von Hippel, aliyekuwa akifanya utafiti Australia, na wenzake waligundua, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwamba watu wanaojibu haraka maswali mepesi huonekana na rafiki zao kuwa na haiba zaidi, hata ukiweka pembeni kiwango cha akili yao kwa jumla. Yaani ule wepesi wa kudaka neno na kulirudisha papo hapo una uzito wake peke yake. Lakini vipo vipande vingi vinavyofundishika. John Antonakis wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio ambayo mameneja walifundishwa mbinu za kuzungumza, na baadaye wenzao wakawaona wana haiba zaidi kuliko mwanzo. Mbinu zenyewe mtu aliyekulia kwenye baraza za Waswahili atazitambua bila shida: kutumia taswira na visa, kuuliza swali ambalo msikilizaji anajijibu moyoni, kupambanisha mambo mawili, kupanga vitu vitatu, kusema waziwazi lililo haki, kuyatamka yale ambayo kikundi kinayahisi, kuweka lengo kubwa na kuonyesha kwamba linafikika. Pamoja na hayo kuna uso, mikono na kupanda na kushuka kwa sauti. Wazee wetu wamekuwa wakiposa, wakisuluhisha na kuhutubia misibani kwa mbinu hizohizo.

Kuna utafiti mwingine, wa Konstantin Tskhay na wenzake wa mwaka 2018, ambao naona unakufaa. Walipochambua jinsi watu wa kawaida wanavyoielezea haiba, walikuta mambo mawili. Moja ni uwezo wa kushawishi na kuongoza kundi. La pili ni kuwafanya watu wajisikie vizuri wakiwa na wewe: kutabasamu, kuelewana na kila aina ya mtu. Wengi wanaohangaikia haiba hulikazania la kwanza na kulisahau la pili. Mchunguze mwenzako wiki hii kabla kikao hakijaanza. Nakisia utamkuta akizunguka na kumuuliza huyu habari za mgonjwa wake, yule mtoto wake amefaulu vipi. Anapofungua mdomo, tayari nusu ya chumba ina deni kwake la kumsikiliza. Kama wewe huingia, unaketi karibu na mlango na kufungua faili, basi unaanza kutoka sifuri kila mara.

Sasa tuje kwenye hoja zako zenyewe. Hukuniandikia maneno unayoyatumia, lakini nimekaa kwenye vikao vingi na wanawake wenye akili sana huanza hivi: "Samahani jamani, sijui kama nitakuwa sahihi, lakini mimi nilikuwa naona kama vile haya marejesho yanachelewa, sijui wenzangu mnaonaje." Ni adabu nzuri ya nyumbani. Kikaoni inawaambia wasikilizaji kwamba anayesema mwenyewe hajaamini, na kwamba wanaweza kurudi kwenye simu zao bila hasara. Linganisha na hivi: "Mwenyekiti, marejesho yanachelewa, na sababu ninaiona hapa kwenye daftari. Wanaochelewa wengi ni wale tuliowakopesha kabla mkopo wa kwanza haujaisha. Napendekeza tusimamishe mikopo ya juu kwa juu kuanzia mwezi ujao." Hapo heshima iko palepale, kwa sababu umemwita mwenyekiti, umetoa ushahidi na umependekeza. Kisha nyamaza. Wengi huharibu hapa: wakiona kimya, wanaongeza maneno ya kujitetea mpaka hoja inapoa. Acha kimya kifanye kazi, mwangalie mwenyekiti, subiri.

Na hoja yako ikichukuliwa? Usinune na usingoje kulalamika nje. Sema palepale, kwa uso mkunjufu: "Nashukuru kaka umeiunga mkono hoja niliyoitoa. Niiongezee jambo moja." Unamwachia heshima yake, na wote wanakumbushwa ilikotoka. Hili likifanyika mara chache mfululizo, kamati huanza kukusikiliza mapema, kwa sababu watu hutazama pale wanapojua kuna kitu. Zungumza pia na mjumbe mmoja au wawili kabla ya kikao, ili ukitamka hoja awepo wa kusema "naunga mkono" papo hapo. Na safari ijayo taarifa nzuri inaposomwa mbele ya wanachama, omba usome sehemu yako. Kama kamati imefanikiwa kurejesha fedha, waliofanya kazi hiyo waonekane wakiitangaza.

Kuhusu kura, simjui kaka huyo na sitamhukumu. Huenda ana haiba na uwezo pia. Ila nakuomba uvitenganishe vitu hivi viwili, kwa sababu macho yetu hayavitenganishi yenyewe. Mwaka 2009 Antonakis na Olaf Dalgas walichapisha jaribio ambalo watoto wa Uswisi walionyeshwa picha za wagombea, wawili wawili, wa uchaguzi wa bunge la Ufaransa wa 2002, wakaulizwa: kama mngesafiri kwa meli, nahodha awe nani? Mara nyingi watoto walimchagua yule ambaye kweli alishinda uchaguzi. Hawakujua chama chake wala sera yake. Walikuwa na sura tu, na watu wazima wenye haki ya kupiga kura walifikia uamuzi uleule.

La kutia hofu zaidi lilitokea California mwaka 1970. Watafiti walimchukua mwigizaji, wakampa jina la Dakta Myron Fox na sifa za kutungwa, wakamsimamisha mbele ya madaktari wa akili, wanasaikolojia na wengine wanaofundisha fani hizo. Mada ilikuwa nadharia ya michezo ya kihisabati na mafunzo ya udaktari. Hotuba ilitungwa makusudi iwe na maneno matupu, yanayojipinga na kurukaruka, lakini aliitoa kwa uchangamfu, ucheshi na kujiamini. Wasomi wale walimsifu. Hakuna aliyegundua, na mmoja hata alijibu kwamba amewahi kusoma maandishi ya mtu ambaye hayupo duniani. Walikuwa watu ambao kazi yao ni kuwachunguza watu. Wanachama wa SACCOS waliochoka na kazi za mchana, mbele ya mgombea mwenye sauti nzuri, wako salama kiasi gani?

Kwa hiyo kabla ya mkutano mkuu, mwombe katibu mihtasari ya vikao vya mwaka mzima. Isome kwa kufunika majina kwa karatasi. Weka alama kwenye mapendekezo yaliyozaa matunda: mkopo uliorejeshwa, utaratibu uliozuia hasara, kosa lililoonekana mapema. Ukimaliza, ondoa karatasi uone majina ya nani yako pale. Na kama mihtasari yenu haiandiki jina la mtoa hoja, hilo ndilo pendekezo la kupeleka kwenye kikao kijacho, kwa mtindo wa zile sentensi tatu tulizozifanyia mazoezi hapo juu.